Breki za Mbele Zikisaga

Mwezi wa Aprili mwaka 2023 tulikuwa tunateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, mkoani Tanga. Tulikuwa ndani ya Noah moja ya abiria. Watu tulikuwa wengi kuliko viti, na juu ya gari kulikuwa na matenga ya karoti. Barabara ile wengi wenu mnaijua. Ni ya lami, lakini ina kona nyingi. Upande mmoja ni jiwe la mlima, upande wa pili ni bonde. Urefu wake ni kilomita 30 na kidogo tu, lakini katika mwendo huo gari hushuka karibu mita 1,000. Kwa hiyo breki hufanya kazi tangu mwanzo wa safari mpaka mwisho.

Tulipotoka mjini tu, tukasikia mlio. Kila dereva akikanyaga breki, gurudumu la mbele upande wa kushoto lilisema krrr, krrr, kama mtu anayeburuta jembe juu ya saruji. Akiachia breki, kimya. Akikanyaga tena, krrr.

Mama mmoja aliyekaa nyuma ya dereva akauliza, "Mwanangu, kinachosaga huko chini ni nini?"

"Vumbi tu, mama," dereva akajibu.

"Vumbi gani, na mvua imenyesha usiku kucha?"

Dereva akacheka, akaongeza sauti ya redio. Mlio haukusikika tena. Lakini ulikuwapo.

Tulipofika Soni watu walianza kunung'unika, dereva akasimamisha gari. Akawasha tochi ya simu, akamulika kupitia matundu ya rimu. "Haya, tazameni wenyewe," akasema. "Pedi nzima kabisa." Tukatazama. Kweli, pedi tuliyoiona ilikuwa nene kama kidole kidogo. Sote tukaridhika, isipokuwa mzee mmoja ambaye zamani aliendesha malori.

"Hiyo uliyoiona ni ya nje," mzee akasema. "Ya ndani umeiona?"

Dereva akanyamaza. Mzee akamwambia, "Basi baba, weka gia ndogo, tushuke pole pole. Mimi nina wajukuu."

Tukisema kweli, pale Soni tulipaswa kushuka sote tutafute gari lingine. Hatukushuka. Nauli tulikuwa tumekwisha kulipa, na mizigo ilikuwa juu. Tulifika Mombo salama kwa sababu ya ile gia ndogo. Hapo fundi akafungua tairi. Pedi ya nje ilikuwa nzima, kama tulivyoiona. Ya ndani haikuwa pedi tena. Ilikuwa kipande cha chuma kitupu kinachong'aa kama panga lililotoka kunolewa.

Kwa nini pedi moja iwe nzima na mwenzake iwe imekwisha? Na je, mtu angewezaje kujua mapema, kwa masikio yake tu? Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo. Tunawaandikia ninyi wenye magari, na vikundi vyenye gari la pamoja. Lakini pia tunawaandikia ninyi mnaopanda tu. Abiria naye ana masikio.

BREKI HII IMEUNDWAJE

Tazama baiskeli. Ukibana breki ya mkononi, vipande viwili vya mpira huibana rimu, kimoja huku na kimoja huku. Rimu inakwama, baiskeli inasimama. Mpira ukiisha, kile chuma kinachoushika huanza kuikwaruza rimu. Kila mwenye baiskeli anaujua mlio ule.

Breki ya mbele ya magari mengi ya siku hizi ni vivyo hivyo. Badala ya rimu, kuna sahani nzito ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Hiyo huitwa diski. Badala ya vipande vya mpira, kuna pedi mbili, moja nje na moja ndani. Kila pedi ina sehemu mbili. Mgongo wake ni bati nene la chuma. Usoni pamegandishwa dawa ngumu nyeusi au ya kijivu, na dawa hiyo ndiyo inayoisugua diski. Mafundi wengine huziita brekipedi. Ni kitu kile kile.

Pedi zote mbili hushikwa na kalipa. Fikiria koleo la mhunzi linalobana chuma pande mbili. Kalipa ni koleo la namna hiyo. Ndani yake mna pistoni. Dereva akikanyaga pedeli, mafuta ya breki husukumwa ndani ya paipu mpaka kwenye kalipa, nayo pistoni hutoka na kuisukuma pedi.

Sasa hapa tuwe makini, maana hapa ndipo siri ya ile Noah ilipo. Katika magari mengi madogo, pistoni iko upande mmoja tu, upande wa ndani. Inaisukuma pedi ya ndani. Pedi ya ndani ikishaigusa diski, kalipa yote huteleza kidogo juu ya pini zake mbili, na kuivuta ile pedi ya nje nayo ibane. Pini zikiteleza vizuri, pedi zote mbili hubana sawa, na huisha karibu sawa. Pini zikishika kutu na kukwama, pedi ya ndani hufanya kazi karibu peke yake. Ya nje imekaa tu. Ya ndani inakwisha, ya nje inabaki nzima, na mtu akimulika kwa tochi kutoka nje anaona uzima mtupu. Huo si uongo wa dereva. Ni macho yake yamedanganywa.

Kwa nini tunasema sana juu ya breki za mbele? Kwa sababu gari likifungwa breki, uzito mwingi hulalia mbele. Ndiyo maana hata wewe abiria huinama mbele. Dereva akifunga breki kwa nguvu, breki za mbele huweza kubeba karibu sehemu 7 katika 10 za kazi yote. Kwa hiyo pedi za mbele huisha upesi kuliko za nyuma, na zikiharibika hatari yake ni kubwa.

Breki za diski zilianza kwa makelele. Mwingereza mmoja aitwaye Frederick Lanchester aliiandikisha serikalini breki ya namna hii mwaka 1902. Lakini pedi zake zilikuwa za shaba, na chuma kikisuguana na chuma hupiga kelele za kuumiza masikio. Ilibidi watu watafute dawa nyingine ya kuweka usoni mwa pedi. Kwa hiyo ukisikia breki inasaga, ujue gari limerudi kule kule kwa Lanchester.

MLIO UNASEMA NINI

Si kila mlio ni ugonjwa. Na si kila mlio wa mbele ni wa breki. Swali la kwanza ni hili: je, mlio unabadilika ukikanyaga breki? Swali hilo moja hutenganisha mambo mengi.

Tuanze na mlio mwembamba, kama mluzi au mlango usiotiwa mafuta: nyiii. Pedi nyingi zina kijibati kidogo cha chuma pembeni. Kimewekwa kwa makusudi kiwandani. Dawa ikipungua na kubaki milimita 2 au 3 hivi, kijibati huigusa diski na kulia. Mara nyingi hulia gari likitembea, na ukikanyaga breki mlio unabadilika au unanyamaza kabisa. Watu wengi hapa hujidanganya. Husema, "Nikifunga breki hailii, basi breki ni nzima." Sivyo. Kijibati kinakuambia nenda kanunue pedi. Bado una muda, lakini ni muda mfupi. Pedi nyingine za bei rahisi hazina kijibati hicho. Hizo hazitoi onyo lo lote mpaka dawa iishe.

Asipotii mlio huo, siku si nyingi utakuja mwingine. Huu ni mzito: krrr. Unasikika dereva akikanyaga breki, na huzidi kadiri anavyokanyaga kwa nguvu. Mara nyingine mguu wa dereva huhisi mtikisiko kwenye pedeli. Maana yake dawa imekwisha, na lile bati la mgongo sasa linaila diski. Huo ndio mlio tuliousikia sisi. Hapo hakuna cha kusema tutafika tu. Gari lisimame, litengenezwe.

Wengine watauliza, lakini mbona gari linaendelea kusimama? Ni kweli, linaendelea kusimama, ila kwa umbali mrefu zaidi. Na kuna jambo baya zaidi. Pedi ikiisha na diski ikiliwa, pistoni hulazimika kutoka nje zaidi na zaidi ili kuifikia diski. Ikipita kiasi huchomoka au huvujisha mafuta. Mafuta yakimwagika, mguu wa dereva unakwenda mpaka chini na hakuna kitu. Magari yameundwa na njia mbili za mafuta, ili moja ikipasuka nyingine isaidie. Lakini breki nusu kwenye mteremko wa Soni, na gari limejaa watu na karoti, ni jambo gani hilo?

Tena chuma kikisuguana na chuma hutoa joto kali. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi huwa yamenyonya maji ya hewani. Yakipata joto kali, maji yale huchemka na kuwa mvuke ndani ya paipu. Mvuke hubonyea kama mpira wa kuchezea. Ndipo pedeli inakuwa laini, na breki zinapotea katikati ya mlima. Yule mzee wa malori alijua. Gia ndogo huifanya injini izuie gari, breki zikapata kupumua.

Sasa ile milio isiyo na hatari kubwa. Gari likilala nje wakati wa mvua, diski hushika kutu usiku. Asubuhi ukiondoka husikia mkwaruzo. Ukifunga breki mara chache unakwisha. Hiyo ni kutu tu. Lakini mkwaruzo ukiendelea mpaka mchana, usiusingizie mvua tena.

Kuna pia kokoto. Hii sisi wa barabara za changarawe tunaijua sana. Nyuma ya diski pana bati jembamba la kukinga vumbi na matope. Kokoto ikirukia kati ya bati na diski, hutoa kelele za kutisha kabisa, utadhani gari linakatika. Mlio huanza ghafla, na hausubiri ukanyage breki. Mara nyingine ukirudi nyuma mita chache kokoto hudondoka, mlio unaisha hapo hapo. Au bati lenyewe limepinda na kugusa diski, labda tairi lilipobadilishwa njiani na mtu mwenye haraka. Fundi hulinyoosha kwa bisibisi, kazi ya dakika 5.

Beringi ya gurudumu ni habari nyingine. Yenyewe huvuma: wuuu. Mwendo ukiongezeka, uvumi unaongezeka. Ukifunga breki haujali. Ukikata kona, mara nyingi hubadilika. Tuseme unakata kushoto na uvumi unazidi. Uzito umelalia magurudumu ya kulia, basi ishuku beringi ya kulia. Ukikata kulia na uvumi ukazidi, ishuku ya kushoto. Beringi nayo ni hatari, usiiache. Tunachosema ni kwamba ukinunua pedi mpya ili kutibu beringi, umetupa fedha.

Kama ni mgongano wa ka-ka-ka unapokata kona kali, hasa ukiondoka kwa nguvu, angalia ekseli ya mbele, kwenye kiungo chake cha karibu na gurudumu. Hiyo pia si breki.

Na mwisho, magari mengi ya sasa yana mtambo uitwao ABS, unaozuia magurudumu yasikwame na kuteleza. Ukifunga breki ghafla kwenye matope au changarawe, pedeli hutetemeka mguuni na husikika mkwaruzo wa trrrr. Madereva wengine wakisikia hivyo huogopa na kuachia breki. Usiachie. Mtambo unafanya kazi yake. Ukianza kutetemeka hivyo kwenye lami kavu, na unafunga breki taratibu tu, hapo ndipo pana kasoro.

JINSI YA KUTAFUTA

Kama gari ni lako, usianze kwa kufungua. Anza kwa kusikiliza. Chagua mahali pasipo na watu, penye ukuta au kingo ya mlima kando ya barabara. Zima redio, fungua vioo. Endesha pole pole. Ukuta hukurudishia sauti. Funga breki kidogo, achia, funga tena. Mwambie mwenzako akae upande wa pili asikilize naye, maana dereva peke yake mara nyingi hudhani kila mlio uko upande wake.

Kisha safiri kilomita chache bila kutumia breki sana, usimame, ushuke. Peleka kiganja karibu na kila rimu, lakini usiiguse diski, itakuunguza. Gurudumu moja likiwa na joto jingi kuliko mwenzake, na pengine pana harufu ya kuungua, breki yake haiachii. Pini zimekwama, au pistoni imekwama. Kama gari huvuta upande mmoja unapofunga breki, hiyo pia ni dalili.

Fungua boneti, utazame kopo la mafuta ya breki. Lina alama mbili, ya juu na ya chini. Mafuta yakishuka yana sababu moja kati ya mbili. Ama pedi zimeisha, pistoni zimetoka nje na mafuta yamezifuata, ama yanavuja mahali. Usiongeze tu na kufunga boneti. Tafuta sababu. Na usitie kitu kingine humo. Kifuniko chenyewe kimeandikwa aina ya mafuta, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Ukitia mafuta ya injini, mipira yote ya breki itavimba na kuharibika.

Halafu fungua tairi. Hakuna njia ya mkato hapa. Egesha gari mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe makubwa kwenye magurudumu ya nyuma. Legeza nati kidogo kabla ya kupiga jeki. Gari likishainuka, weka gogo zito au tairi la akiba chini ya ubavu wake, jeki ikiteleza lisikuangukie. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Tairi likiondoka, diski iko wazi. Subiri ipoe. Ipitishie kidole taratibu. Ikiwa laini ni vizuri. Ikiwa na mifereji kama shamba lililolimwa kwa trekta, pedi imeila. Gusa ukingo wake wa nje. Kama kuna ukuta mdogo uliosimama, diski imepungua unene. Diski nyingi zimechapwa namba ya unene wa mwisho unaoruhusiwa, kwa milimita. Diski ikifika chini ya namba hiyo hutupwa, hata kama inang'aa.

Sasa tazama pedi. Ya nje utaiona mara moja. Ya ndani chungulia kwa juu, kupitia tundu la kalipa, au fungua boliti ya chini ya kalipa na uiinue. Pedi mpya huwa na dawa ya milimita 10 hadi 12 hivi, bila kuhesabu bati la mgongo. Ikibaki milimita 3, badilisha. Huna kipimo? Njiti ya kiberiti ina unene wa milimita 2 au zaidi kidogo. Dawa ikikaribia unene wa njiti, umechelewa. Tazama pedi zote nne, za kushoto na za kulia, za nje na za ndani. Aliyetazama tatu hajatazama.

Neno moja juu ya lile vumbi jeusi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Pedi za zamani, na baadhi ya zile zisizojulikana zilikotoka, zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi la asbesto likiingia kifuani huleta maradhi ya mapafu, hata baada ya miaka 20 au 30. Lowesha kwa maji na kitambaa, kisha kitupe kitambaa hicho. Watoto wasisogee.

KUTENGENEZA

Pedi hubadilishwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, gari litavuta upande mmoja. Kama diski ina mifereji mikubwa, au imekuwa nyembamba, nayo ibadilishwe. Kama bado ni nene, huweza kuchongwa kwenye mashine ya kereza. Kuisugua kwa msasa na kusema imepona, hapana.

Fundi mzuri hataishia kwenye pedi. Atachomoa zile pini mbili, azisafishe kutu, azipake grisi ya breki inayovumilia joto, na kutazama kama vimpira vyake vimechanika. Ukimwona anafunga pedi mpya bila kuzigusa pini, mwulize. Ukinyamaza, baada ya miezi michache utarudi na ugonjwa ule ule. Grisi isiguse uso wa pedi wala diski. Na kalipa isiachwe ininginie kwa paipu yake ya mpira. Ifungwe kwa waya, maana paipu ile ikichanika kwa ndani huoni kitu.

Tumewahi kusikia pia ushauri wa "kuiziba paipu ya gurudumu bovu, ufike kwanza." Ushauri huo usiukubali. Gari litabaki na breki upande mmoja, na siku utakapofunga kwa nguvu litageuka lenyewe.

Kuna jambo moja dogo linaloponza hata wanaojua. Ili pedi mpya ziingie, pistoni hurudishwa ndani. Kazi ikiisha, pistoni iko mbali na pedi. Mtu akiwasha gari na kuondoka, akikanyaga breki mara ya kwanza mguu unakwenda mpaka chini, na ukuta uko mbele yake. Kwa hiyo kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedeli tena na tena mpaka iwe ngumu. Kisha tazama tena kopo la mafuta. Kilomita mia mbili tatu za mwanzo, funga breki kwa upole, pedi na diski zizoeane.

WEWE ABIRIA

Huna spana, na gari si lako. Lakini unaweza kusikiliza. Mlio ukija kila breki inapofungwa na kwisha inapoachiwa, mwambie dereva kwa adabu, na umwambie gurudumu gani. Usimwambie tu "gari lako bovu," atakasirika. Mwambie, "Ndugu dereva, mbele kushoto panasaga ukifunga breki." Akijibu ametazama, mwulize kama ametazama pedi ya ndani. Dereva anayejua kazi yake atashtuka kidogo kusikia swali hilo. Akikataa na mteremko uko mbele, shuka. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani, kwa hiyo hukumwonea mtu. Nauli inauma, tunajua. Sisi wenyewe pale Soni ilituzuia kushuka.

Yule mama wa Lushoto alikaa kwenye benchi la gereji pale Mombo mpaka kazi ikaisha, matenga yake yakiwa chini ya mwembe. Fundi alipotoa diski, ilikuwa imeliwa upande wa ndani hadi pistoni imebakiza kidogo tu kuchomoka. Pini moja ilikuwa imekwama kabisa kwa kutu, ikabidi igongwe kwa nyundo. Pedi za mbele pekee zingetosha kama dereva angesimama siku mlio mwembamba ulipoanza. Sasa alilazimika kununua pedi, diski mbili, pini na vimpira, na siku nzima hakupakia abiria. Dereva alikiri kwamba ule wa nyiii aliusikia tangu mwezi uliopita.

Mama akamwuliza tu, "Na redio je, mwanangu, inafanya kazi?"

Dereva akainama akaendelea kushika tochi.